Kambi ya wavu wa ufukweni ughaibuni ukiwa na pacha mpya: tuliyoyafanya na mengine ya kujadili

Binti_Kigamboni:

Wakuu, salaam.

Tangu nirudi kutoka kambini Tenerife, kwenye Visiwa vya Kanari, dada zangu kadhaa wa wavu wananiuliza jambo lilelile: "Nimepata nafasi ya kwenda kujifua nje, na nitacheza na mtu ambaye hatujawahi kucheza pamoja. Nianzie wapi?" Nimeona nifungue uzi ili jibu liwe la wote, na wenye uzoefu waongezee.

Msimamo wangu ni huu, anayebisha abishe: kambi ya nje ukiwa na pacha mpya, yaani mwenzako mpya wa kucheza wawili wawili, ni kambi ya mpira wa pili, ule wa kumwinulia mwenzako apige. Smashi utaijenga hata nyumbani, na yeyote mwenye moyo wa kukurushia mipira. Pumzi utaijenga kwa kukimbia mchangani alfajiri. Lakini mpira wa pili una mwenyewe. Unamwinulia mtu mmoja tu duniani, na huyohuyo ndiye anayekuinulia wewe. Huwezi kuufanyia mazoezi na mtu mwingine ukasema utamhamishia pacha wako baadaye.

Kwa wanaotoka wavu wa ndani kama nilivyotoka mimi, tazameni hesabu. Ndani, upande wenu ni mita 9 kwa 9 na mpo sita. Mchangani ni mita 8 kwa 8 na mpo wawili. Kila mmoja anabeba mita za mraba 32, wakati ndani zilikuwa 13 na nusu. Hakuna wa akiba. Mapumziko ya kuomba ni mara 1 kwa seti, sekunde 30 basi. Mpinzani akishajua kwamba mmoja wenu kavurugika, au kamnunia mwenzake, sevu zote, yaani mipira ya kuanzisha, zitamfuata huyo mpaka pointi ya 21. Hakuna pa kumficha mtu.

Pacha wangu mpya ni Mtanzania aliyekulia Ujerumani. Hilo la utaifa lizingatieni mapema, maana kwenye mashindano ya kimataifa ya FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, wachezaji wawili lazima watoke shirikisho moja. Mkienda kufanya mazoezi tu, chezeni na yeyote. Lengo likiwa kuingia Beach Pro Tour, yaani mzunguko wa dunia wa wavu wa ufukweni, hata kwa ngazi ya chini kabisa ya Futures, basi mwenzako awe wa nchi yako na wote wawili muwe mnatambulika na shirikisho lenu, kwa sababu usajili unapitia huko.

Kwa nini Tenerife? Kwa sababu ileile inayowapeleka Wazungu. Januari kule Ujerumani ni baridi, mchanga wa kuchezea uko ndani ya kumbi. Visiwa vya Kanari ni Hispania kwa serikali, lakini kwa jiografia vipo jirani na Morocco, na mchana wa Januari joto huzunguka nyuzi 20. Kwa hiyo majira hayo unakuta pacha za nchi nyingi ziko ufukweni, na mechi za mazoezi hazikosekani asubuhi wala jioni.

Na hapo ndipo penye kishawishi. Unawaona watu uliozoea kuwatazama kwenye simu, wanakuambia "njooni tucheze seti mbili". Siku za mwanzo tulikataa. Kocha alitusimamia hilo na namshukuru. Alisema tukicheza sasa, kila mmoja atacheza mchezo wake wa zamani, na tutakuwa tumezoeshana tabia ambazo tumekuja kuziondoa.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Kocha alitandika taulo la bluu mchangani, hatua moja kutoka wavuni. Yeye anasevu kutoka upande wa pili, mimi napokea, pacha wangu anakimbia chini ya mpira na kuniinulia kwa mikono ya chini. Kisha hakuna kupiga. Mimi nakwenda hatua zangu za kuruka, nasimama, mpira unaachwa udondoke wenyewe. Ukitua kwenye taulo, tunaendelea. Ukitua nje, anayeinuliwa ndiye anayesema, na anasema alichokiona tu: "umekwenda nyuma ya bega," "umesogea wavuni," "umewahi." Mwinuaji hajitetei, anajibu "sawa" na tunarudia. Baada ya hapo tunabadilishana. Jua likiwa limepanda, taulo limejaa mchanga halionekani hata rangi, na hamjapiga smashi hata moja. Inachosha kichwa kuliko miguu.

Ndani ya zoezi hilo ndipo tulipojuana. Mwenzangu anapenda mpira wa chini unaofika haraka, anachukua hatua mbili anapaa. Mimi nimelelewa na mpira mrefu wa pembeni, ule wa ndani, unaousubiri ukiutazama. Kocha hakumlazimisha mtu amfuate mwenzake. Tulikubaliana namwinulia chini, ananiinulia juu kiasi, na upepo ukizidi wote wawili tunashusha, kwa kuwa mpira unaokaa hewani muda mrefu unakuwa mali ya upepo.

Kuhusu upepo wala msiogope. Aliyezoea kucheza Kigamboni wakati wa kusi, au Bamburi kaskazi ikivuma, amekwishasoma darasa ambalo wengine wanalilipia. Kanuni yenyewe inakiri uzito wa upepo: mnabadilishana pande kila jumla ya pointi ikigawanyika kwa 7, na seti ya tatu kila 5, ili asiwepo wa kufaidi upande mzuri. Mkiwa upande ambao upepo unawapiga usoni, sevuni kwa nguvu, mpira utaanguka ghafla kabla ya mpokeaji. Mkiwa na upepo mgongoni, punguzeni.

Sasa vidole. Sisi wa ndani tunaringia kuinua kwa vidole. Mchangani waamuzi ni wakali, mpira ukitoka mikononi mwako bila usawa unasikia filimbi ya dabo, kwamba umeugusa mara mbili. Tena kupokea sevu kwa vidole vilivyo wazi ndiyo kabisa usijaribu. Na ile ya kudokoa mpira kwa ncha za vidole uvuke wavu, tuliyoizoea ndani, huku ni kosa. Unatumia vifundo vya vidole, au ncha zikiwa zimekazwa pamoja. Yapo mambo ambayo mwili umeyashika miaka mingi, na kuyaondoa kunahitaji mtu pembeni wa kukukumbusha kila mara bila kukusema vibaya.

Ishara za mgongoni, zile za vidole ambazo anayekaa wavuni anamwonyesha mwenzake aliye nyuma, tulizimaliza jioni moja tu mezani. Kidole kimoja, anayeruka wavuni anafunga mstari. Viwili, anafunga diagonali. Ngumi, haruki, anarudi nyuma kusaidia. Mkono wa kushoto ni kwa mpigaji wa kushoto, wa kulia kwa wa kulia. Mimi ni mfupi, ndiye ninayebaki nyuma, kwa hiyo ishara zake ndizo zinazonipangia pa kusimama. Miito ya kumwambia mpigaji wapi kuna uwazi nayo tuliifanya mifupi: "mstari", "kona", na "tupu" pale ambapo hakuna aliyeruka.

Mengine ya kabla ya safari nayataja haraka. Kaeni chini muandike: nani anamlipa kocha na kwa mafungu gani, nyumba inagawanywaje, zawadi ya fedha ikipatikana inagawanywaje (sisi nusu kwa nusu), mmoja akiumia nini kinafuata, na mtacheza pamoja mpaka lini kabla ya kukaa tena kujitathmini. Viza ya Schengen inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla, kwa hiyo anzeni mapema, na barua ya mwaliko ya kambi ieleze tarehe, mahali mtakapolala na nani analipia nini.

Karibuni.

---

Mwalimu wa Wavu:

Binti, uzi mzuri sana. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila naongeza kitu kimoja kama mwalimu. Mpira wa pili ni mtoto wa mpira wa kwanza. Mapokezi yakienda pembeni mita tatu, hata mwinuaji wa dunia atakuletea mpira wa kuokoa, siyo wa kupiga. Mimi vijana wangu nawafundisha kupokea mpira uende mbele na katikati, juu ya kutosha, ili mwenzake awe na muda wa kufika na kusimama. Mwinuaji aliyesimama anaona. Anayekimbia anabahatisha.

Na kwa mashabiki wa mpira wa pili, tazameni Wasweden David Åhman na Jonatan Hellvig, mabingwa wa Olimpiki wa Paris 2024. Wale wameugeuza mpira wa pili kuwa silaha. Mwinuaji anaruka kana kwamba anapiga, mzuiaji wa upande wa pili hajui aruke au asubiri, halafu mpira unaachiwa mwenzake hewani. Wengine walidhani kwa wasio warefu sana mchezo wa mchangani umefungwa. Lakini jambo lile haliwezekani kwa watu waliokutana juzi. Wale wamejuana tangu wakiwa vijana shuleni.

---

Binti_Kigamboni:

Mwalimu, shikamoo. Nakubali kabisa, na ndiyo maana zoezi letu lilianza na sevu, siyo na mpira wa kurushiwa kwa mkono. Niongeze pia kwamba mchangani mguso wa bloku, yaani wa kuzuia mpira wavuni, unahesabiwa. Mwenzako akiugusa wavuni, mmebakiwa na miguso miwili tu, kwa hiyo mpira unaouokota wewe nyuma tayari ndio wa pili, na lazima uwe wa kumwinulia. Sisi tuliotoka ndani, ambako bloku haihesabiwi, tunachelewa sana hapo.

---

Shanzu254:

Salamu kutoka Mombasa. Nimefurahi mtu ameandika jambo hili kwa kina hivi.

Sisi Kenya tuna mfano wetu. Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi walikuwa pacha ya kwanza ya Kenya kucheza voliboli ya ufukweni kwenye Olimpiki, Tokyo, mwaka 2021. Wote wawili walikuwa wachezaji wa ndani pia. Tiketi waliipata kwenye mchujo wa Afrika kule Morocco. Kundini walikutana na Brazil, Marekani na Latvia, wakapoteza mechi zote tatu, na kuna watu waliwabeza mitandaoni. Mimi niliumia sana na maneno yale. Wenzao wanazunguka dunia mwaka mzima kucheza mashindano, hawa wetu wamekaa miaka bila mechi za kutosha za kiwango hicho, halafu unategemea walingane ndani ya wiki moja?

Lakini nataka kusema la Brazil. Aliyecheza dhidi ya Wakenya ni Ana Patrícia, wakati huo akiwa na Rebecca. Wakatoka robo fainali. Mwaka uliofuata akaungana na Duda, ambaye walishawahi kushinda pamoja Olimpiki ya Vijana kule Nanjing mwaka 2014. Mwaka huohuo wa 2022 wakawa mabingwa wa dunia jijini Roma, na 2024 wakachukua dhahabu Paris. Kwa hiyo kubadilisha pacha si usaliti. Kwetu ukimwacha mwenzako, klabu nzima inakununia.

Halafu jambo lingine ambalo watu hawalijui: Kombe la Bara, ambalo ni njia mojawapo ya kwenda Olimpiki, nchi inapeleka pacha mbili. Mkiwa wazuri nyinyi wawili tu, na pacha ya pili ni dhaifu, mnaweza kurudi nyumbani. Ukijifunza Tenerife, rudi uwafundishe na wapinzani wako wa nyumbani, maana siku moja mtapangwa timu moja.

---

Binti_Kigamboni:

Shanzu254, hilo la pacha mbili nakuunga mkono kwa mikono yote. Taulo letu sasa linatumika na wasichana wengine hapa Kigamboni, kila Jumamosi.

Na kuhusu waliowabeza Makokha na Khadambi, mimi niliitazama ile michezo nikiwa bado wa ndani, na ndiyo iliyonitoa. Niliona watu wa kwetu wamesimama kwenye mchanga ule, nikajua njia ipo.

---

Mdogo wa Tanga:

Shikamooni dada na kaka. Mimi nasoma kidato cha sita, nacheza pembeni timu ya shule. Dada, nina maswali mawili. La kwanza, mimi navaa hijabu na wazazi wangu hawatakubali nivae zile nguo wanazovaa wachezaji wa ufukweni. Je, huko nje nitaruhusiwa? La pili, mpira wenu mnaujaza upepo kiasi gani? Wetu tukiucheza kwa mikono ya chini unaruka hovyo.

---

Mama wa Hamburg:

Mwanangu wa Tanga, nikujibu hilo la kwanza, kwa sababu nina binti anayecheza huku na nililifuatilia mwenyewe. Kanuni za mavazi zilibadilishwa mwaka 2012, kabla ya Olimpiki ya London. Kaptula na blauzi za mikono zinaruhusiwa. Olimpiki ya Rio 2016, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza na hijabu, mikono mirefu na suruali ya kubana, akiwa na Nada Meawad. Mwaka 2024 akarudi tena Paris na pacha mwingine, Marwa Abdelhady, wakacheza chini ya Mnara wa Eiffel wakiwa wamejisitiri. Muonyeshe mama na baba picha hizo. Wakiona kwa macho watakuwa na amani zaidi kuliko ukiwaeleza kwa mdomo.

Kingine, kwa Binti_Kigamboni: hongera kwa kuandika makubaliano ya fedha. Binti yangu alikwenda kambi na mwenzake bila kuandikiana, na mwenzake alipoumia kifundo cha mguu, wakashindwa kuelewana nani alipe nyumba iliyobaki. Urafiki ukaisha kabisa. Walikuwa watoto wazuri wote wawili.

---

Ziwa Kivu:

Ninaandika kutoka Rubavu, Rwanda. Naheshimu uzoefu wa dada, lakini mimi nauliza: ni lazima twende Ulaya? Hapa kwetu, kando ya ziwa, mashindano ya dunia ya ngazi ya Futures yamekuwa yakija. Pacha za Ulaya zinapanda ndege kuja kutafuta pointi hapa. Mtu wa Dar au Kampala anakuja kwa basi. Hakuna viza ya kusumbuana, hakuna bima ya euro. Kwa nini tusiweke kambi hapa wiki chache kabla ya mashindano, tukacheza nao wanapofika?

---

Binti_Kigamboni:

Ziwa Kivu, hoja yako ni nzito na sina ubishi nayo. Kama ningekuwa na fedha ya safari moja tu, na pacha wangu anaishi Dar, ningekuja Rubavu. Sababu yangu ya Tenerife ilikuwa mbili: mwenzangu anaishi Ulaya, na nilitaka kocha ambaye kazi yake ni mchangani tu. Makocha wetu wengi ni wa ndani, wanatufundisha ufukweni kwa upendo siku ambayo ukumbi umefungwa. Kocha wa namna hiyo akipatikana Rubavu, mimi ni wa kwanza kupanda basi.

Mdogo wa Tanga, marahaba. Swali lako la mpira ni zuri kuliko unavyofikiri. Mpira wa ufukweni unajazwa kati ya 0.175 na 0.225 kilo kwa sentimita ya mraba. Wa ndani ni 0.30 hadi 0.325. Huo wenu bila shaka ni wa ndani, au ni wa ufukweni umejazwa mpaka umekuwa jiwe. Tafuta geji, inauzwa pamoja na pampu. Pia pimeni wavu, wanawake ni mita 2.24, na msiupime kutoka juu ya kichuguu cha mchanga, sawazisheni kwanza katikati.

---

Mpokeaji:

Swali kwa Binti_Kigamboni, na samahani kama ni la ndani sana. Mkiwa katikati ya kambi mkaona hamwendani, mnafanyaje? Mimi nipo kwenye hali hiyo sasa hivi, nipo nje, pacha wangu hanisemeshi baada ya mazoezi. Uwanjani tunacheza, ila anaponiinulia mpira mbaya na mimi nikanyamaza, anaona namdharau. Nikisema, anaona namlaumu.

---

Binti_Kigamboni:

Pole sana ndugu yangu. Upo mbali na nyumbani, na mtu pekee anayekujua hapo ndiye huyo asiyekusemesha. Najua uzito wake.

Ningekushauri mjaribu kwanza kile cha "aliyeinuliwa ndiye anayesema", na kocha awepo kama shahidi. Unasema mpira ulipotua, husemi mwenzako alivyo. "Umekwenda nyuma ya bega" ni habari. "Unaniinulia nyuma kila siku" ni shtaka. Kwetu ilichukua muda mpaka sauti zikazoeleka. Pili, mle chakula mbali na wachezaji wengine, hata mara chache kwa wiki. Sisi tulipika ugali kwa unga wa mahindi tulioupata dukani, na mengi yalisemwa hapo kuliko uwanjani. Mwenzangu ndipo aliponiambia kwamba ninapoangalia chini baada ya kukosa pointi, anadhani nimemkasirikia. Mimi nilikuwa najisemesha mwenyewe tu. Tukakubaliana kila baada ya pointi, tuipate au tuikose, tugusane mikono na kutazamana kwanza.

Ikishindikana, malizeni kambi mliyoilipia, mkae na kocha, muachane kwa heshima. April Ross wa Marekani ana medali tatu za Olimpiki na pacha watatu tofauti: fedha 2012 na Jennifer Kessy, shaba 2016 na Kerri Walsh Jennings, dhahabu Tokyo na Alix Klineman, ambaye alitoka wavu wa ndani kama sisi. Hakuna aliyesema Ross hana msimamo.

Niandikie faragha usiku huu kama unataka kuongea. Usikae nalo peke yako.

---

Mpokeaji:

Asante dada. Kocha amekubali kukaa nasi kesho asubuhi kabla ya mazoezi. Nitaleta taulo.

---

Mdogo wa Tanga:

Asanteni wote, na mama wa Hamburg nimemwonyesha mama picha za Wamisri. Amesema atazungumza na baba. Dada, nikija Dar likizo nije Kigamboni siku gani?

---

Binti_Kigamboni:

Jumamosi, saa 12 na nusu asubuhi, kabla mchanga haujawaka. Njoo na huo mpira wenu, geji ninayo.